Makumbusho Yetu ya Mawe: Ufunguo Anao Nani?

Najua wengi mlitegemea nije na stori za bumu kuchelewa na jinsi watu hapa bwenini wanavyoishi kwa chipsi kavu na maji ya bomba. Hiyo ipo, itakuja. Leo kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi, na nisipolitoa sitasoma, na UE ndiyo hizo zinapiga hodi.

Kifupi ni hivi: Jumamosi nilisimama na watoto 42 wa kidato cha tatu mbele ya mlango wa makumbusho ya jiolojia ya chuo chetu. Mlango una kufuli. Sisi tuna barua. Barua ina muhuri. Lakini kufuli halisomi barua, jamani.

Ngoja nianze mwanzo, maana kuna watakaosema nimekurupuka.

Mnakumbuka nilipokuwa TP, nilipangwa kufundisha Jiografia kwenye shule moja ya kata. Nikapewa mada ya miamba. Vijana wanaimba: miamba ya aina tatu, maana yake hii, mifano yake hii. Wanaimba kwa Kiingereza safi kabisa, kama kwaya. Ukimwuliza mmoja akuonyeshe hata jiwe moja kati ya hayo aliyoyataja, anaangalia dari. Na mi mwenyewe mbele yao nina nini? Chaki na ubao. Basi.

Siku moja binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, hivi mawe yanakua?" Darasa zima likaangua kicheko. Binti hakucheka. Akaeleza kwamba bibi yake kila mwaka anatoa mawe shambani na kuyarundika pembeni, na kila mwaka mvua zikiisha anakuta mengine palepale. Yametoka wapi kama hayakui?

Nikajibu kama nilivyofundishwa: mvua inachukua udongo wa juu, mawe yaliyokuwa chini yanabaki wazi. Akanitazama kidogo, akauliza: "Mwalimu umeona kwa macho, au umesoma?"

Nimesoma, wadau. Nilikuwa nimesoma tu. Nikawaahidi kwamba chuoni kwetu kuna nyumba nzima ya mawe, nitawapeleka wakaone kwa macho na mimi nione pamoja nao. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Barua ya kwanza niliandika mwenyewe. Nikaambiwa haiwezekani, mwanafunzi haombi, anaomba mkuu wa shule. Mkuu wa shule akaandika. Ikarudi: ipitie ofisi nyingine kwanza. Ikapitia. Nikaambiwa njoo kesho, nikaja kesho, nikaambiwa aliyetakiwa kusaini yuko kikaoni. Wiki ya tano ndiyo ikatoka imesainiwa: Jumamosi, saa nne asubuhi. Watoto wakachanga shilingi 2,000 kila mmoja kukodi daladala mbili. Mwanafunzi analipa shilingi 200 kwenda na 200 kurudi, kwa hiyo hiyo ni nauli yake ya siku tano. Wapo ambao najua kabisa waliotembea kwa miguu wiki iliyofuata.

Saa nne kasoro tumefika. Getini mzee mlinzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kwenye mawe? Pole. Mwenye ufunguo kasafiri tangu juzi."

Simu haipatikani. Mtu mwingine mwenye ufunguo? Hakuna. Ofisi? Jumamosi. Mzee wa watu akaona huruma, akasema wacha watoto wachungulie dirishani upande wa nyuma, pale pazia limechanika. Basi wakapanga foleni. Watoto 42, kila mmoja anaweka viganja kwenye kioo, anachungulia sekunde kadhaa, anampisha mwenzake. Yule binti alipomaliza zamu yake akaja kuniambia, taratibu kabisa: "Mwalimu, yapo kweli."

Mi nikageuka kama naitafuta daladala.

Sasa nisieleweke vibaya. Simlaumu mzee mlinzi, yeye ndiye mtu pekee aliyetufanyia makumbusho siku ile. Wala simlaumu aliyesafiri, mtu ana haki ya kwenda msibani kama wewe na mimi. Ninachokilaumu ni utaratibu wa kuifanya nyumba nzima ya elimu itegemee mfuko wa suruali ya mtu mmoja. Suruali ikisafiri, elimu imesafiri. Hiyo tunaita makumbusho? Kwetu kijijini nyumba ya namna hiyo inaitwa stoo.

Na humo ndani kuna nini? Mi niliingia mara moja tu, mwaka wa kwanza, wiki ile ya kupokewa. Dakika ishirini, tukatolewa mbio. Lakini zile dakika ishirini zina kisa ambacho wengi wenu sijawahi kuwaambia.

Kwetu ni Tunduru. Katikati ya miaka ya 1990 Tunduru ilifumuka kwa vito. Watu wakaja kutoka kila kona ya nchi, na wanunuzi kutoka Thailand na Sri Lanka wakapiga kambi. Baba yangu mdogo alikuwa kijana, akaingia machimboni kwenye mto Muhuwesi, kuchekecha kokoto za mtoni. Mwaka 1996 akapata kijiwe cha kijani, kidogo kama punje ya mahindi. Akafurahi. Usiku akakitazama kwa koroboi, kikawa chekundu! Asubuhi akakitoa juani, kijani. Wenzake wakamwambia hilo lina jini, lizike au liuze haraka. Akampelekea mnunuzi. Mnunuzi akaligeuza geuza, akasikitika, akamwambia hili jiwe bovu, halina msimamo, rangi inakimbia. Kwa kumwonea huruma akampa pesa ya kununua baiskeli iliyotumika. Ile baiskeli nimeiendesha mimi.

Sasa siku ile ya dakika ishirini, kwenye kabati la kioo, nikaona punje ya kijani na karatasi ndogo ya Kiingereza iliyopigwa taipu zamani. Aleksandaiti. Tunduru. Kijani kwa mwanga wa mchana, nyekundu kwa mwanga wa taa.

Niliisoma mara tatu. Aleksandaiti ni miongoni mwa vito adimu duniani, na kubadilika rangi ndiko kunakoipa bei. Hakuna jini. Ndani yake kuna kiasi kidogo cha madini ya kromi yanayonyonya sehemu ya mwanga na kupitisha kijani na nyekundu. Mwanga wa jua una kijani na buluu kwa wingi, jiwe linaonekana la kijani. Mwanga wa koroboi au mshumaa umejaa wekundu, jiwe linaonekana jekundu. Elimu yenyewe ndiyo hiyo. Inaenea kwenye karatasi ndogo kuliko tiketi ya daladala.

Usiku nikampigia baba mdogo. Nikamweleza yote. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akasema: "Kwa hiyo halikuwa jini."

Hakuuliza bei, wadau. Hilo tu.

Sasa niambieni, ile karatasi ilimsaidia nani? Ipo kwa Kiingereza, ndani ya kabati, ndani ya chumba, nyuma ya kufuli, mamia ya kilomita kutoka Muhuwesi. Aliyeiandika alijua. Mnunuzi alijua. Aliyekaa gizani ni yule aliyelitoa jiwe kwenye maji kwa mikono yake.

Msidhani ni mambo ya zamani. Tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini mikoani, bei zinatangazwa, na hilo ni jambo jema. Juni 2020 wote tulimwona Saniniu Laizer wa Mererani akilipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7 kwa vipande viwili vya tanzanaiti, kimoja zaidi ya kilo 9 na kingine zaidi ya kilo 5, na Agosti mwaka huohuo akaleta cha tatu cha kilo 6.3. Tulishangilia, tukaposti, tukasema nasi tutaacha chuo tukachimbe. Lakini Laizer alijua alichoshika. Soko linamsaidia anayejua alichoshika. Asiyejua hafiki sokoni, anaishia kwa broka njiani na kurudi nyumbani na baiskeli.

Nikiwaambia watu haya hapa kampasi, wanaruka moja kwa moja kwenda Ujerumani. "Kwanza warudishe mjusi wetu!" Sawa, tuongelee mjusi.

Mjusi wa Tendaguru, Lindi, wote tunamjua kwa jina. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler aliona mifupa mikubwa imetokeza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 wakaja Wajerumani chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, wakachimba na kusafirisha zaidi ya tani 200 za visukuku, mawe na mifupa pamoja. Hakukuwa na reli wala lori. Vilibebwa na watu vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Leo yule mkubwa, Giraffatitan, aliyeishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, amesimama Berlin, kimo chake mita 13.27. Ile makumbusho ya Berlin ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Humboldt mpaka 2009. Na mwenzake mdogo wa Tendaguru, Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, yupo kwenye mkusanyiko wa chuo kikuu cha Tübingen, kwa sababu Hennig alikwenda kuwa profesa pale. Makumbusho za vyuo vikuu, kama hii yetu.

Mi naunga mkono mjusi ajadiliwe, tena kwa sauti kubwa. Waliombeba ni babu zetu wa kusini, na walibeba chini ya ukoloni, muda mfupi tu baada ya Maji Maji, watu wamekufa kwa vita na njaa. Lakini kila nikisikia "warudishe" sasa hivi najiuliza swali moja la aibu: wakirudisha, tutamweka wapi? Nyuma ya lile kufuli? Mtoto wa Berlin anakata tiketi, anaingia na mwalimu wake, anahesabu mbavu za mjusi wa Lindi. Mtoto wa hapa amepewa barua tatu na pazia lililochanika. Madai yetu yangekuwa na nguvu mara mbili kama tungeweza kusema: njooni muone jinsi tunavyowaonyesha watoto wetu hivi tulivyobaki navyo.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayasikia koridoni wiki hii nzima. Nayachukua moja moja.

La kwanza: "Mawe yataibiwa." Jamani, sehemu kubwa ya mawe yale hata ukimpa mwizi anakurudishia. Nani ataiba jiwe la chokaa la kilo kumi? Vito vya thamani vipo vichache na vipo kwenye kioo. Funga kabati, usifunge nyumba. Na kama tunaogopa vitu kupotea, dawa ni daftari la kila kitu kilichomo na mtu wa kulipitia kila mwezi. Nyumba isiyoingiwa na watu ndiyo ya kuibiwa kwa urahisi, maana nani atajua kilichopungua?

La pili: "Bajeti hakuna." Hili naliheshimu, chuo kina shida zake. Lakini tuhesabu kinachotakiwa. Watu? Sisi tupo. Kuna wanafunzi wa jiolojia wanaotafuta pa kufanyia mazoezi, kuna sisi wa ualimu tunaohitaji kufundisha kwa vitendo. Lebo za Kiswahili? Karatasi na wino. Ufunguo wa pili? Fundi funguo yupo pale stendi, dakika tano.

La tatu: "Makumbusho ya chuo ni ya utafiti, siyo ya watoto wa shule." Hapa ndipo ninapochemka zaidi, kwa sababu kubwa zaidi yetu walishalijibu hili karibu miaka 300 iliyopita. Nenda Cambridge. Makumbusho yao ya jiolojia, Sedgwick Museum, ilianzia kwenye makabati ya daktari mmoja aitwaye John Woodward, aliyefariki mwaka 1728. Katika wosia wake akaacha pesa za kumlipa mhadhiri, na masharti juu yake: mhadhiri awepo kwenye makabati yale siku na saa maalumu za wiki, awaonyeshe mawe bure wale wote wenye hamu ya kuyaona na kujifunza. Tena akaongeza asiwe na mke, eti mke na watoto watampunguzia muda! Hilo la mke tumsamehe mzee. Lakini lile la kwanza ndilo ninalolishika. Kabla hata jiolojia haijawa somo linaloeleweka, mtu alishajua kwamba mkusanyiko usio na mtu wa kuuonyesha ni mzigo tu. Leo makabati ya Woodward bado yapo pale, kuingia ni bure, na watoto wa shule wanakuja kushika visukuku kwa mikono. Utafiti umekufa? Haujafa. Unakwenda palepale, jengo hilohilo.

Na tusiseme ni mambo ya Ulaya tu. Hapa nyumbani, Olduvai walifungua makumbusho mpya mwaka 2017, mtu anasimama mbele ya nakala ya nyayo za Laetoli, nyayo za miaka takriban milioni 3.6. Fuvu la Zinj, lililopatikana na Mary Leakey mwaka 1959, limo Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam tangu lilipokabidhiwa mwaka 1965. Kwa hiyo nchi inaweza. Tunaoshindwa ni sisi, na tunashindwa tukiwa na maprofesa ndani ya nyumba.

La nne, na hili ndilo linaloniumiza: "Hawa watoto wa shule za kata hata wakiingia hawataelewa kitu." Nilisikia hivyo kwa masikio yangu, kutoka kwa mtu aliyesoma. Basi nimpe jina moja: Boheti bin Amrani. Huyu ndiye alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji pale Tendaguru. Hakuna aliyemwambia hataelewa. Alijifunza kutafuta mfupa ndani ya udongo, kuutoa bila kuuvunja, kuufunga usafiri salama, na akawafundisha wengine. Kazi yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba mwaka 2007 wataalamu walipotambua aina mpya ya mjusi kwenye mifupa ileile ya Tendaguru, wakampa jina lake: Australodocus bohetii. Miaka karibu mia moja baadaye! Na sisi tunasema mtoto wa kidato cha tatu hataelewa jiwe?

La tano: "Kiswahili hakina maneno ya jiolojia." Hapa huwa nacheka. Dhahabu, shaba, bati, risasi, almasi, yakuti, zumaridi, feruzi, ulanga, jasi, chokaa, magadi, matumbawe, kimondo. Maneno haya hayakuletwa na mradi wa wafadhili. Yapo kwa sababu watu wa hapa wamechimba, wamejenga, wamepika na wamevaa mawe kwa karne nyingi. Kilwa Kisiwani imejengwa kwa matumbawe na chokaa. Kimondo cha Mbozi, zile tani zipatazo 16 za chuma kutoka angani, kina jina la Kiswahili ambalo kila mtoto anajua. Pale neno halipo, eleza. Mwamba uliotokana na moto wa chini ya ardhi. Mwamba uliojengwa tabaka kwa tabaka na mchanga na matope. Mwamba uliogeuzwa kwa joto na kukandamizwa. Nani hapo hajaelewa?

Sasa msije mkasema huyu analalamika tu. Ninachotaka ni hiki, na nitakipeleka kwa maandishi serikali ya wanafunzi wiki hii.

Jumamosi moja kila mwezi mlango uwe wazi, bila barua. Funguo ziwe mbili, na jina la aliyeshika zamu libandikwe mlangoni. Kila lebo iwe na Kiswahili. Iwepo meza moja ya mawe ya kushika, maana jiwe halifundishi kupitia kioo: lazima mtoto asikie uzito wake, alikwaruze kwa msumari, adondoshee tone la siki au ndimu aone chokaa inavyotoa mapovu. Yawepo masanduku ya mawe yanayozunguka shuleni, kwa sababu siyo kila shule ina pesa ya kukodi daladala mbili. Na mara moja kila muhula iwepo siku ya kuleta jiwe: mchimbaji, mkulima, mama aliyeokota kitu mtoni, yeyote, alete jiwe lake, aambiwe ni nini, bure, bila kuulizwa anauza au hauzi. Makumbusho nyingi duniani zina siku kama hizo. Kama ingekuwepo moja karibu na Tunduru mwaka 1996... basi, niishie hapo.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshaandika yote haya kichwani tangu Jumamosi usiku, lakini mshkaji ninayelala naye chumba kimoja akanikata maini. Akasema: "Wewe unapiga kelele za kufuli la chuo. Wewe mwenyewe uliwapa watoto wale jiwe gani ulipokuwa TP?"

Kimya. Kwa sababu alikuwa sahihi. Na kibaya zaidi, jiwe nilikuwa nalo mkononi kila siku. Chaki! Chaki inatengenezwa kwa jasi, na jasi inachimbwa hapahapa nchini, kama kule Makanya, Same. Nimesimama mbele ya darasa wiki nzima nimeshika mwamba, naulalamikia ukosefu wa mwamba.

Basi tangu Jumapili nina boksi la viatu chini ya kitanda. Mpaka leo limefika mawe 11, na hakuna hata moja nililoomba kwa barua. Kipande cha chaki. Magadi ya kuunga maharage, aina ya chumvi inayobaki maji ya ziwa yakikauka, kama kule Ziwa Natron. Jiwe la kusugulia miguu, lile jeusi lenye vitundu, ambalo ni povu la volkano lililoganda. Udongo wa pemba, ambao dada zetu wajawazito wanautafuna. Udongo mweupe wa Pugu. Tumbawe kutoka Coco Beach, ufukweni, lenye alama za wadudu wa bahari waliolijenga. Kokoto mbili kutoka kwenye ujenzi wa hosteli mpya. Jiwe la kunolea kisu la mama lishe wetu (kaniazima, narudisha!). Kipande cha makaa ya mawe alichonipa jamaa wa Mbinga. Na risasi ya penseli, ambayo siyo risasi hata kidogo, ni grafaiti.

Jumatano sina kipindi. Narudi kwenye ile shule na boksi langu, mkuu wa shule ameshakubali, kwa simu, dakika mbili. Nina deni la watoto 42 na zaidi nina deni la binti mmoja. Nimelitafakari tena swali lake, na nimegundua waliocheka ndio waliokuwa hawajui. Mawe ya shamba la bibi hayakui, yanafunuliwa na mvua. Lakini mawe mengine yanakua kweli. Magadi yanakua maji yakikauka. Matumbawe yanajengwa na viumbe hai. Kwenye mapango ya Amboni, Tanga, kuna mawe yananing'inia darini na yanaongezeka tone kwa tone, taratibu mno, hata sasa ninapoandika. Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu, na nitamwambia hivyo mbele ya wenzake.

Anayetaka kuja naye Jumatano, tukutane getini saa mbili kamili. Mwenye jiwe alete. Wa jiolojia, nyie ndio nawasubiri zaidi, maana nitakayoulizwa mengine sitayaweza.

Na kufuli letu bado lipo. Nimepita leo jioni nikaliona. Mzee mlinzi akaniuliza, "Wale watoto watarudi lini?" Nikamwambia watarudi. Nataka tusimfanye mzee awe mwongo, wala mimi.

Naomba kuwakilisha.